Kitambaa Cheupe Nyuma ya Bomba la Moshi

Tarehe 4 Februari

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Mama Spana,

Salamu nyingi za heshima zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na mwanao, mkweo na wajukuu. Ni matumaini yangu kwamba mgongo wako umeizoea baridi ya huko. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yanaendelea kunihama moja baada ya jingine bila kuniaga.

Kabla sijaendelea, naomba radhi. Siku ulipoondoka, nikiwa nimekushikia begi kituoni, niliahidi kwamba barua yangu ya kwanza ingekufikia kabla hujamaliza kufungua mizigo. Tangu hapo mvua zimenyesha zikakatika. Mtu aliyegonga mihuri ya barua za wenzake maisha yake yote, hata mkamwita Bwana Stempu, hana udhuru wa kuchelewesha barua yake mwenyewe. Niliianza mara nyingi. Kila mara nilifika mwisho wa salamu, nikaona sina jambo la kuijazia karatasi, nikaikunja.

Sasa jambo limepatikana. Gari linatoa moshi.

Nasema lile lile la rangi ya maziwa, ambalo marehemu mke wangu alilichagua, na ambalo marehemu mumeo, Fundi, alilifunga injini upya kwa mikono yake, ikawa ndiyo injini ya mwisho kuifunga. Moshi wenyewe ni wa bluu na una harufu kali. Oili nayo inapungua. Nikichomoa kile kijiti cha kupimia naikuta imeshuka chini ya alama, ilhali sakafuni hapana hata tone. Jirani ameanza kuanika nguo upande wa pili wa nyumba yake. Naona haya kuliko kama angenitukana. Sauti ya injini siwezi kukueleza, kwa kuwa siisikii tena. Huweka kiganja juu ya boneti ndipo nijue kama imewaka.

Nilikwenda kwa fundi mpya aliyefungua kibanda karibu na kituo cha mafuta. Hakugusa chochote. Alivuta hewa puani akiwa amesimama mbali, akasema, "Mzee, hiyo ni ya kushusha injini tu, hakuna njia nyingine." Nilimshukuru, nikageuza gari. Naomba unisamehe kama ni kiburi, lakini injini ya marehemu haiwezi kushushwa kwa kunuswa. Sote tunajua kwamba pale gereji yeye alikuwa mkono, nawe ulikuwa jicho na pua, na hakufungua boliti hata moja kabla hujasema ugonjwa uko wapi. Ndiyo maana nathubutu kukusumbua.

Ufunguo wa gereji ulioniachia uko salama, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, juu ya kabati. Kila Jumamosi hupita pale nikalitia kufuli tone la oili lisishike kutu.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikupiga simu. Tulijaribu, utakumbuka. Mimi nikasema "Nini?", nawe ukarudia, nikasema tena "Nini?", mpaka mwanao akaichukua simu na kuniomba kwa adabu nikuandikie.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la saruji, ambaye wenzake humwita Kobe. Usimhukumu kwa mwendo wake. Mzigo ni mzito na yeye ni muungwana.

Ni mimi, shemeji yako mtiifu,
Bwana Stempu


Tarehe 19 Februari

Shemeji Bwana Stempu,

Nimeipata. Kobe aliingia nayo mpaka jikoni, ameishika kama yai. Mkwe wangu akadhani ni wito wa mahakama. Nikamwambia tulia, mama, mahakama haiombi radhi kiasi hiki.

Tena ziache hizo radhi. Ukiziondoa, barua yako nzima ingetosha mgongoni mwa stempu.

Hapa najaliwa mno. Sakafu ni nyeupe hivi kwamba naogopa kuikanyaga, na nikishika ufagio wananipokonya. Nikae tu. Wananiuliza nimekula, nimelala, nimeota jua. Hayo ni maswali ya kuku, Shemeji. Kila asubuhi gari la nyumba ya pili likiwashwa nasikia mkanda wake unalia, utakatika siku si nyingi, lakini nani ataniuliza? Basi ulipouliza wewe niliisoma barua nimesimama.

Nawe una vituko. Umemkataa fundi anayenusa kutoka hatua chache, ukamwandikia mwanamke anuse kutoka mwisho wa barabara ya lami!

Sikiliza sasa. Gari likila oili bila kuvuja, oili inaingia mahali inapoungulia moto, na njia zake kubwa ni mbili. Ama inapanda kutoka chini kwa sababu ringi za pistoni zimelegea, ama inashuka kutoka juu kwa sababu vile vipira vinavyobana oili kwenye valvu vimekauka. Ikiwa ni ringi, kweli injini itashushwa. Ikiwa ni vipira, ni kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo nijibu: moshi unatoka saa ngapi? Ni asubuhi ukiwasha, kisha unaisha? Au unakufuata njia nzima, na mlimani unazidi gari likikosa nguvu?

Halafu chukua kitambaa cheupe. Kishike nyuma ya bomba la moshi injini ikiwa inawaka, mpaka mkono uchoke. Nitumie. Marehemu alinicheka sana kwa vitambaa vyangu, lakini ulishamwona anafungua injini kabla sijavisoma?

Anakuja Kobe huyo huyo. Nimempa chai, amekaa sana.

Mama Spana


Tarehe 11 Machi

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,

Pokea salamu na shukrani zisizo na kipimo. Naomba radhi kwa kuomba radhi kupita kiasi, nitajirekebisha.

Nimefanya ulivyoagiza. Moshi unatoka asubuhi, pale tu ninapowasha, wingu moja zito la bluu, kisha unapungua, na nikifika kwenye kona ya shule hauonekani tena kiooni. Mlimani hautoki. Nguvu ya gari sina malalamiko nayo, ingawa lazima nikiri kwamba siendi mbali siku hizi. Mke wangu alipokuwa hai alikaa kiti cha mbele pembeni yangu na kunisikilizia barabara. Honi ikilia nyuma yetu alinigusa goti. Watu walidhani ni mahaba, na sikuwahi kuwasahihisha. Sasa naenda sokoni, narudi, natazama vioo mpaka shingo inauma.

Kitambaa nimekiambatisha. Ni kile cha mfuko wa koti langu. Kilipotoka nyuma ya bomba kilikuwa katika hali ya aibu, chenye madoa ya mafuta na masizi, na dhamiri yangu haikuniruhusu kumtumia mama mheshimiwa kitu kichafu. Misheni tulifundishwa kwamba kinachowekwa ndani ya bahasha ni uso wa aliyekituma. Kwa hiyo nimekifua kwa sabuni, nimekitia buluu ya kufulia kidogo na kukipiga pasi. Nadhani utakisoma bila taabu.

Kobe anasubiri nje na nimeona midomo yake ikitamka "Mzee, barabara!" Naishia hapa.

Shemeji yako mtiifu,
Bwana Stempu


Tarehe 28 Machi

Shemeji!

Umefua! Umefua na pasi ukapiga!

Nilikifungua mbele ya mkwe wangu, nikakaa chini pale pale kwenye hiyo sakafu nyeupe, nikacheka mpaka akaniletea maji. Miaka yote nimesoma vitambaa, vya madereva, vya walevi, vya mapadri, na hakuna aliyewahi kunitumia ushahidi unaonukia sabuni. Kama ungekuwa polisi, wezi wote wangekuwa nje, wamepigwa pasi.

Rudia. Mara hii usifue. Usikitikise hata vumbi. Kichafu hivyo hivyo, kitie ndani ya karatasi.

Tena ukiwa hapo, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, uniambie kama moshi unapuliza kutokea hapo. Usiwe na haraka. Haya mambo yanataka uangalifu, tutakwenda hatua kwa hatua.

Kuna jingine, nami nalisema kwa kifupi. Mwanangu amempata mtu wa mbao anayetaka kuinunua gereji aifanye ghala. Anataka ufunguo kabla mwezi wa tano haujaisha. Nilimwambia nitafikiri. Akaniambia kwa upole kabisa, maana ni mtoto mzuri, "Mama, cha kufikiri ni nini? Unarudi kule kufanya nini?"

Nikaangalia dirishani kama mtu aliyeitwa.

Wewe unalo jibu, Shemeji?

Kitambaa chako nimebaki nacho. Ni kizuri mno kukirudisha.

Mama Spana


Tarehe 20 Aprili

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,

Salamu za heshima. Nachelewa tena, na sababu ninazo, ila hazifai kuandikwa.

Kuhusu swali la mwanao, naomba unisamehe. Sijioni kuwa na haki ya kuingia kati ya mama na mtoto wake, hasa mtoto aliyekuwekea sakafu nzuri. Bila shaka anakutakia mema. Ghala la mbao nalo ni jambo la maendeleo. Mkiamua, ufunguo upo.

Kuhusu gari, hali ni ile ile, au tuseme imezidi. Moshi unatoka asubuhi, na sasa hata mlimani, na mara nyingine huwa mweupe. Kwenye kifuniko cha oili nimeona mambo ambayo sikuyaelewa na yatahitaji maelezo marefu kutoka kwako. Nakuomba usiharakishe kutoa hukumu. Pengine kutahitajika vitambaa vingine.

Hiki ninachokituma sikukifua, kama ulivyoagiza. Kimefungwa ndani ya gazeti na Kobe ameonywa.

Shemeji yako,
Bwana Stempu


Tarehe 2 Mei

Shemeji,

Kitambaa nimekisoma.

Doa la oili iliyoungua hutanuka, huacha mviringo wa njano pembeni, na harufu yake hukaa kooni. Hili limebaki pale pale lilipopakwa, na linanukia dawa ya viatu, ile nyeusi ya kopo. Moshi wa bluu asubuhi, tena mlimani, tena mweupe: hayo ni magonjwa ya magari matatu. Wewe ulikuwa na moja.

Nami naona hata hilo moja huna. Umeliuza. Umeona haya kuniambia, ukaona heri unitulize kwa vitambaa kama mtoto anavyopewa kijiko achezee.

Ungesema tu. Ile ilikuwa injini yake ya mwisho. Nisingekugombeza. Ningelia siku moja, yakaisha.

Mtu wa mbao anakuja mwisho wa mwezi. Ufunguo mpe Kobe.

Mama Spana


Tarehe 10 Mei

Kwa Shemeji yangu,

Kwa mara ya kwanza sijui ni salamu gani ninayostahili kukuletea, kwa hiyo naanza na ukweli.

Gari sijaliuza. Liko hapa nje, nimeliegesha nilione kutokea mezani ninapoandika. Limepona.

Yule fundi mpya alinikuta nje ya nyumba yangu asubuhi moja mnamo mwanzo wa Aprili nikiliwasha. Akaona lile wingu, akaona linavyoisha. Akanifuata, akagonga kioo, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Mzee, nilikosea siku ile! Ni vipira vya valvu hivyo, injini haishushwi!" Alivibadilisha mchana ule ule. Alipofungua mfuniko wa juu alipiga mluzi, nilimwona midomo. Akauliza, "Nani aliifunga hii?" Nikamwambia. Akainama, akafuta kila kitu kwa kitambaa chake kabla ya kurudishia, kama mtu anayefunga jeneza la mkubwa wake.

Asubuhi iliyofuata niliwasha gari nikaenda kusimama nyuma yake na kitambaa. Nilisimama mpaka mkono ukachoka. Kilitoka cheupe. Jirani alinipungia mkono na nguo zake zikarudi upande wangu.

Nilipaswa kufurahi, Shemeji. Badala yake niliingia ndani nikakaa, nikajiona kama mtu aliyefungiwa dirisha la posta usoni akiwa na barua mkononi. Nilikuwa mzima, gari lilikuwa zima, na sikuwa tena na jambo la kuijazia karatasi. Ndipo nikaliona kopo la dawa ya viatu. Mengine umeyasoma mwenyewe kwa pua yako.

Ufunguo nilimpa Kobe wiki iliyopita, kama ulivyoamuru. Aliutia mfukoni, lori likaondoka. Nilitazama mkono wangu mtupu, kisha nikalikimbilia lile lori, nikiwa na viatu vya ndani, mbele ya watu wote wa kituoni, wengi wao niliowauzia stempu. Kobe ndiye dereva pekee ambaye mtu wa umri wangu anaweza kumkimbilia akamfikia. Alifungua mlango, akanirudishia ufunguo kabla sijaomba, akasema, "Mzee, wananicheka kwa mwendo huu, lakini unaona faida yake."

Umerudi ndani ya kikombe. Sina haki nao. Sema neno nami nitautuma, na mara hii sitakimbia.

Gari halijauzwa. Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla ya yote. Anayekuletea habari hii ni yeye Kobe, na anajua zaidi ya alivyopaswa kujua.

Bwana Stempu


Tarehe 20 Mei

Bwana Stempu,

Nililia, nikacheka, mkwe wangu akataka kuniita daktari.

Ngoja nami nikuambie, usije ukadhani dawa ya viatu ni yako peke yako. Nilijua ni vipira tangu ile barua yenye kitambaa kilichofuliwa. Moshi wa asubuhi ukiwasha, kisha unaisha, mlimani hakuna, nguvu ipo: pale hapahitaji kitambaa wala kifuniko. Oili inachuruzika usiku gari likilala, inaungua asubuhi, basi. Ningekuandikia mstari mmoja, "Badilisha vipira," na mambo yakaisha.

Mstari wenyewe niliuandika. Nikautazama. Nikauchana, nikakuambia ufungue kifuniko cha oili.

Kwa hiyo sisi wawili tumelifanya gari la watu liugue kwenye karatasi, na lenyewe limepona zamani. Marehemu wetu wote wawili wakituona huko waliko, wanashikana mikono kwa kucheka. Yule dada yangu, mke wako, hasa. Alikuwa akiniambia, "Shemeji yako akikupenda atakutumia risiti."

Sasa ufunguo. Usimpe Kobe, maana mtazidi kukimbizana. Nimemwambia mwanangu kwamba sitaupokea ila kutoka kwenye mkono uliokuwa ukilitia oili lile kufuli. Nikishaushika ndipo nitasema kama unakwenda kwa mtu wa mbao au unarudi ulikotoka. Amekasirika kidogo. Atapoa.

Nawe bado hujajibu swali langu. Nilikuuliza kwa dhati, ukanijibu maendeleo. Narudi huko kufanya nini? Jibu na lije pamoja na ufunguo, na lisije limefuliwa.

Mama Spana


Tarehe 28 Mei

Mama Spana,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu nimekuja nazo. Kuchelewa nako nakuombea radhi kwa mara ya mwisho: nilisimama mara nyingi njiani kupisha waliokuwa nyuma yangu, nisije nikawa ninapigiwa honi.

Uliuliza unarudi kufanya nini. Fundi mpya ameniuliza mara mbili vitambaa vinasomwaje, na sikuwa na la kumweleza zaidi ya kwamba havifuliwi. Kufuli la gereji linafunguka kwa kidole kimoja. Hizo ni sababu nzuri, na ningeweza kuishia hapo kama nilivyoishia kwenye salamu mara nyingi. Lakini umekataza kufua. Basi: siku nisipopata barua yako nyumba huwa kubwa kupita kiasi. Na kiti cha mbele, pembeni ya dereva, hakina mtu. Kinahitaji mtu wa kunisikilizia barabara, na nikifikiri ni nani ningemruhusu aniguse goti, mawazo yangu hayaendi kwa mwingine.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Ukimpa mwanao, nitamshika mkono kwa heshima, nitakunywa maji nitakayopewa, nitarudi nilikotoka bila kinyongo. Ukija nao, mlango wa kushoto haujafungwa.

Barua hii hakuja nayo Kobe; nilimpita kwenye daraja, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mimi kumpita mtu barabarani. Mchukuzi wake ni mzee mmoja mwenye koti lisilo na kitambaa mfukoni. Ameikabidhi kwa mjukuu wako hapo mlangoni na sasa amesimama nje ya geti. Hatapiga honi, kwa kuwa hawezi kujua kama imelia. Chungulia tu dirishani. Injini inawaka, na nyuma ya gari hakuna moshi.

Mimi